DAFTARI LA KATIBU: Kompyuta ndani ya kompyuta, na siku mbili nilizonyamaza



Juma hili daftari langu halina habari za harusi wala za ugomvi wa mipaka ya viwanja. Lina habari ya kompyuta mpakato ya msikiti, nami nawaomba wazee na akina mama wasiligeuze ukurasa kwa kudhani kwamba haya ni mambo ya vijana. Kadhia hii iliwagusa watu wa rika zote, na aliyeumia kuliko wote ndiye asiyekuwa na kosa.

Nianze na hali ilivyokuwa. Hesabu za msikiti wetu hapa Tura, pamoja na orodha ya mayatima na wajane wanaosaidiwa kila mwezi, zimo katika programu iliyotungwa miaka mingi iliyopita na ndugu yetu mmoja wa Tabora mjini, Allah amrehemu. Aliitunga kwa ajili ya Windows XP, mfumo endeshi uliotoka mwaka 2001. Sura ya programu hiyo haipendezi, lakini kazi yake inaifanya kwa uaminifu: kila shilingi inayoingia ina namba ya stakabadhi, na kila inayotoka ina jina la aliyepokea. Kompyuta ya mezani iliyokuwa ikiibeba ilipokufa, programu ilikataa katakata kufunguka katika kompyuta mpya, na aliyeitunga alikuwa ameshatangulia mbele ya haki.

Ndipo Ustadha wetu, binti anayefundisha watoto wadogo madrasa na aliyesomea kompyuta chuoni, alipotuletea shauri la kompyuta pepe. Maana yake ni hii. Ndani ya kompyuta mpya husimikwa programu inayojifanya kompyuta nzima: ina kumbukumbu yake, ina diski yake, na huwaka na kuzimwa kama kompyuta nyingine yoyote. Kumbe hiyo “diski” ni faili moja kubwa tu iliyomo ndani ya folda. Mfumo wa zamani ukiwekwa humo haujui kwamba unakaa nyumbani kwa mwingine. Ni mithili ya mpangaji aliyepewa chumba chenye mlango wake na jiko lake, akafunga mlango na kujiona ana nyumba.

Jambo hili si geni duniani. Kampuni ya IBM ya Marekani ilikuwa ikiendesha kompyuta pepe katika mitambo yake mikubwa tangu miaka ya 1960, na kuanzia mwaka 2005 na 2006 kampuni za Intel na AMD zikatia ndani ya prosesa za kawaida uwezo maalumu wa kuwabeba wapangaji wa namna hii. Kwetu sisi lilikuwa na faida ya ziada. Windows XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, hivyo kuipeleka kwenye intaneti leo ni sawa na kumlaza mtoto barabarani. Lakini ikiwa ndani ya chumba chake, na njia ya intaneti imezibwa, inaweza kuendelea na kazi yake kwa amani. Tulikaa hivyo muda mrefu bila ya tabu yoyote.

Alhamisi moja, baada ya sala ya Isha, nilibaki ofisini peke yangu. Kwa wiki kadhaa kompyuta ilikuwa ikiomba kusasishwa, nami nikiahirisha kwa kuogopa gharama ya bando. Usiku ule nilikuwa na bando la usiku, nikaona nisiliache lipotee. Nikabonyeza pa kukubali, nikaiacha kompyuta ikifanya kazi, nikaenda kulala. Sikumwambia mtu. Sikutoa nakala ya kitu chochote. Wala sikutazama kwamba Ustadha, alipoondoka alasiri, hakuizima kompyuta pepe bali aliigandisha vilevile ilivyokuwa, ili asubuhi aendelee pale alipoishia. Kufanya hivyo si kosa, kwani programu yenyewe hutoa nafasi hiyo.

Asubuhi ya Ijumaa ndipo alipofungua. Dirisha la kompyuta pepe lilitokea, likawa jeusi, likajifunga. Alipojaribu mara ya pili kompyuta yote iligeuka kioo cha buluu na kujiwasha upya. Mara ya tatu ukatokea ujumbe wa Kiingereza wenye herufi kubwa na namba zisizosomeka. Siku hiyo ndiyo tuliyokuwa tumewaahidi waumini ripoti ya mfuko wa mayatima baada ya sala.

Ripoti haikusomwa. Mzee wetu mweka hazina alisimama akasema kweli tupu, kwamba hesabu hazifunguki. Kufika alasiri maneno yalikuwa yamekuwa “hesabu zimefutika”. Kufika Magharibi yakawa “hesabu zimefutwa”. Tofauti ya maneno hayo mawili ya mwisho ni herufi chache, lakini la pili linamtafuta mtendaji. Na mtendaji hakutafutwa mbali, kwa kuwa mwenye neno la siri la kompyuta ile ni mmoja, naye ni binti, naye hana mume wa kumsemea. Wapo waliokumbuka kamati ya zamani iliyoondoka kwa minong’ono ya fedha. Mama mmoja alimwondoa mwanawe darasani Jumamosi.

Nami nilinyamaza.

Naandika hili kwa aibu. Aya ya sita ya Suratul Hujurat, inayotuamrisha kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa kutojua, nimeisomesha mara zisizohesabika. Nilijiambia kwamba sina hakika kama sasisho ndilo lililoharibu, na kwamba si vizuri kusema jambo bila hakika. Hoja hiyo ilikuwa na sura ya ucha Mungu, na ndani yake ilikuwa woga mtupu. Jumamosi usiku mama watoto, baada ya kunisikiliza nikilalamika juu ya midomo ya watu, aliniuliza swali moja tu: “Hiyo kompyuta, usiku wa Alhamisi, nani aliyekuwa nayo?” Kisha akaondoa vyombo.

Jumapili kamati ilikutana. Tulikuwa tumempigia simu fundi mmoja wa mjini, naye alitupa dawa inayotolewa kwa kila ugonjwa: “Pigeni window upya.” Yaani futeni kila kitu, simikeni mfumo mpya, muanze moja. Wajumbe wengi waliafiki. Nakiri kwamba hata mimi nilivutiwa, maana kufuta kila kitu kungefuta pia alama ya nilichokifanya. Hatari yake wengi hatukuijua: kufuta kule kungeondoka na lile faili kubwa ambalo ndilo diski ya kompyuta pepe, pamoja na hesabu zote za mayatima.

Ustadha alikuwa ameketi karibu na mlango, ameletwa na baba yake. Akaomba ruhusa kwa Mwenyekiti, akasema maneno ambayo nimeyaandika kama alivyoyasema: “Waheshimiwa, kabla hatujafuta kitu, tuiweke kwanza chini. Tunakili folda nzima kwenye diski ya nje. Baada ya hapo nina swali moja.”

Hapa niruhusiwe kutoka njiani kidogo. Jina la kijiji chetu, kama alivyoliandika Mwingereza Burton aliyepita hapa mwaka 1857 akielekea Kazeh, ndiyo Tabora, maana yake ni tua, yaani weka mzigo chini. Misafara iliyotoka pwani ilikuwa imevuka Mgunda Mkali, nyika yenye kiu na njaa, na hapa ndipo wapagazi walipotua kabla ya kuingia Unyamwezi. Sisi wenyeji tumelizoea jina hata hatulisikii tena. Nililisikia Jumapili ile.

Kunakili kulichukua zaidi ya saa nzima, na umeme ulikatika mara moja katikati. Kazi ilipokwisha, Ustadha akauliza swali lake: “Baina ya Alhamisi alasiri nilipoondoka na Ijumaa asubuhi nilipofungua, nini kilibadilika?”

Nikasimama nikasema. Nilisema saa, nilisema bando, nilisema kwamba sikumwambia mtu. Ustadha hakunitazama. Alifungua tu ukurasa wa kompyuta unaoorodhesha masasisho yaliyowahi kuingia, na pale palikuwa na tarehe ya Alhamisi imeandikwa wazi. Nadhani alikuwa ameshauona ukurasa huo tangu Ijumaa.

Sasa nieleze kilichokuwa kimetokea, kwa sababu najua wasomaji wengi wana watoto vyuoni ambao hutakiwa kuwa na kompyuta pepe kwa ajili ya masomo yao. Isitoshe, Windows 10 imefikia mwisho wa kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na familia nyingi zinahamia mfumo mpya hivi sasa. Yaliyotupata sisi yatawapata na wengine. Sina shutuma kwa waliotengeneza programu tuliyoitumia, kwani kosa la kutotunza nakala lilikuwa la mkono wangu.

Ule uwezo wa prosesa wa kubeba kompyuta pepe ni mfano wa ufunguo mmoja wa ghala: anayeushika kwanza ndiye anayeingia. Mfumo ukisasishwa, mara nyingine huwasha mlinzi mpya wa usalama, na mlinzi huyo naye hufanya kazi kwa kuushika ufunguo huohuo. Katika Windows 10 na 11 utamkuta katika mipangilio ya usalama kwa jina la “Memory integrity”, naye amesimama juu ya mtambo wa Windows wenyewe wa kompyuta pepe uitwao Hyper-V. Programu ya zamani ya kompyuta pepe ikija kuomba ufunguo, inakuta umeshikwa, inaanguka. Wenye VirtualBox wana dalili ya kuwasaidia: tangu toleo la 6.0, la mwishoni mwa mwaka 2018, programu hiyo inaweza kufanya kazi juu ya Hyper-V, ila kwa uzito, na chini ya dirisha huweka alama ya kobe wa kijani. Ukimwona kobe, mpangaji wako anaishi, lakini ufunguo anao mwingine.

Tiba ya kwanza ni kusasisha programu ya kompyuta pepe yenyewe, maana mara nyingi nyumba imekarabatiwa na mlango umebaki wa zamani. Wapo wanaoshauri kumzima mlinzi. Inawezekana, na kasi hurudi, lakini unakuwa umebomoa ukuta ili chumba kipate upepo, na kompyuta inayoingia kwenye intaneti kila siku haifai kutendewa hivyo. Sisi tulikubali kwenda mwendo wa kobe.

Baada ya kusasisha, kikabaki kikwazo cha pili. Kompyuta pepe ilikuwa imegandishwa chini ya mpangilio wa zamani, ikakataa kuyeyuka chini ya mpangilio mpya. Hapo hapana budi kuitupa ile hali iliyogandishwa, na mtu hupata hofu kwa neno hilo “kutupa”. Kinachotupwa ni kile kilichokuwa kwenye kumbukumbu ya muda tu, sawa na kompyuta iliyochomolewa umeme ghafla. Diski yenyewe haiguswi. Ustadha aliniuliza kama naridhia, mbele ya kamati. Nikaridhia.

XP iliwaka. Ilijikagua diski yake kwa muda uliotufanya tusahau chai, kisha ukatokea ule mlima wa kijani na mbingu yake. Programu ya marehemu ikafunguka. Zilikosekana stakabadhi tatu tu za Alhamisi, ambazo hazikuwa zimehifadhiwa, nazo tulikuwa na vishina vyake katika kitabu cha karatasi. Mzee mweka hazina alisoma jumla kwa sauti, akalinganisha na daftari lake la mkono, na hakuna hata shilingi iliyopungua.

Niongeze mambo machache kwa wanaohangaika na jambo hili nyumbani, kwani maswali nimeshayapokea.

Programu inapoanguka huacha maandishi ya yaliyotokea. VirtualBox huyaweka katika folda iitwayo Logs ndani ya folda ya kompyuta pepe yenyewe. Yaanze kwa chini, maana kosa huwa karibu na mwisho, na mstari ule wa kosa ndio wa kumpelekea anayejua. Kumwambia fundi “haifunguki” ni kumwambia tabibu “naumwa”.

Tazama pia nafasi. Sasisho kubwa la Windows hubakiza mfumo wa zamani katika folda ya Windows.old, na folda hiyo hula nafasi nyingi. Diski ikijaa, kompyuta pepe husimama ghafla na mtu akadhani imeharibika. Lakini usikimbilie kuifuta, kwani kwa kawaida kuna siku 10 ambazo ndani yake unaweza kuomba kurudi ulikotoka, nayo ndiyo njia ya kurudi. Na yale mafaili yenye majina marefu yasiyo na maana ndani ya folda ya Snapshots usiyafute kwa mkono kabisa. Yanaonekana kama takataka, kumbe ni tabaka za diski moja zilizopandana, na ukiondoa ya chini zote za juu zinapotea. Hapa ndipo kazi za watu huangamia, na si kwenye sasisho.

Wanafunzi wanaotumia Ubuntu na ndugu zake wana mlango wao. Kiini cha mfumo kikibadilishwa, viungo vya VirtualBox lazima vijengwe upya kulingana na kiini kipya, na kompyuta yenye ulinzi wa Secure Boot hukataa viungo visivyo na saini. Njia ya haraka ni kuwasha kompyuta kwa kiini cha zamani, ambacho Ubuntu hukibakiza katika orodha ya kuwashia. Aidha, tangu kiini cha 6.12 mtambo wa Linux wenyewe uitwao KVM huushika ufunguo wa prosesa mara tu unapopakiwa, hata kama hakuna anayeutumia. Ni kisa kilekile cha ghala, ila mshika ufunguo ni mwingine.

Na mtu asione kwamba haya huwapata wa vijijini tu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja lenye kasoro la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kwa mpigo kompyuta takriban milioni 8.5 za Windows, kwa hesabu ya Microsoft, na ndege zikabaki chini katika viwanja vikubwa vya dunia. Katika kompyuta nyingi tiba ilikuwa kufuta faili moja. Mambo ya watu yaliyokuwa ndani yalikuwa salama wakati wote. Kilichokwama ni mlango.

Ijumaa iliyofuata ripoti ilisomwa. Kabla haijasomwa nilisimama nikawaeleza waumini nani aliyebonyeza, lini, na kwamba kwa siku mbili nilimwacha mwingine abebe mzigo wangu. Wazee wawili walikwenda jioni ile nyumbani kwa wazazi wa Ustadha. Yule mama amemrudisha mwanawe darasani, alimleta mwenyewe kwa mkono hadi mlangoni.

Lakini baba yake Ustadha amemtaka akabidhi neno la siri, naye amelikabidhi. Watoto anaendelea kuwafundisha. Hesabu hataki, na baba yake amesema tusimsukume. Kwa hiyo kila Alhamisi alasiri mimi ndiye ninayeingiza stakabadhi, kwa vidole viwili, huku kobe wa kijani akinitazama pale chini. Tumeanza pia kuhamisha orodha zote kutoka XP kwenda katika majedwali ya kawaida, kwa maana programu ya marehemu haiwezi kubebwa milele, na nimefika kwenye herufi K. Juu ya kabati kuna diski mbili za nje, moja hukaa kwa Mwenyekiti na nyingine ofisini, zikibadilishana kila mwezi. Kando yake kuna daftari la karatasi lenye safu nne: tarehe, kilichobadilishwa, nakala ilipo, na aliyebonyeza. Mstari wa kwanza ni wa Alhamisi ile, na safu ya tatu nimeiacha tupu.